Division III ya 22 na gambuti: nilivyofika udaktari wa mifugo

Mwisho wa Januari 2017 mjomba alinisomea matokeo yangu ya kidato cha nne kwenye simu yake, amesimama chini ya mbuyu maana kijijini kwetu, Mpwapwa ndani huko, mtandao ulikuwa unashika hapo tu. Uraia C, Historia C, Jiografia C, Kiswahili B, Kiingereza D, Fizikia D, Kemia D, Biolojia C, Hisabati F. Akahesabu kwa vidole, akarudia. "Division three ya ishirini na mbili," akasema. "Umepona, mama."

Kupona ndilo neno lenyewe. Kwenye division pointi nyingi ndio ufaulu mdogo; zingeongezeka 4 ningeangukia Division IV. Na ni mimi huyu huyu niliyetangaza tangu darasa la 5 kwamba nitakuwa daktari wa mifugo, tangu mwaka ule mbuzi wa bibi walipoanza kuharisha na kutokwa makamasi mazito, wakafa mmoja mmoja mpaka zizi la mbuzi 31 likabaki na 3. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba ule ugonjwa ni sotoka ya mbuzi na kondoo, na kumbe una chanjo.

Sasa niko mwaka wa 5, ambao ndio wa mwisho, wa shahada ya udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro. Kila likizo nikirudi nyumbani nakuta kijana ananisubiri barazani na karatasi ya matokeo mkononi, na mara nyingi matokeo yake ni mazuri kuliko yangu. Haya ndiyo ninayomwambia, pamoja na sehemu nilizokosea mwenyewe.

Namba iliyokauka na namba iliyo mbichi

Kwanza, mdogo wangu, elewa anayekuchagua ni nani. Marekani vyuo vya udaktari wa mifugo huuliza umefanya kazi na wanyama kwa saa ngapi, huomba barua za watu wanaokufahamu, na vingi hukuita wakusaili. Hapa kwetu hakuna atakayekuuliza kama unapenda ng'ombe. Unajaza maombi kwenye mfumo wa chuo, mfumo unasoma ufaulu wako, unakupanga kwenye foleni na wenzako, nafasi zikijaa foleni inakatwa. Basi. Mimi utaratibu huo siupendi, nimeona watu wa namba nzuri wanaoogopa hata ndama. Ila una wema wake mmoja: haujui baba yako ni nani wala umetoka kijiji gani.

Namba ya kidato cha nne ikishatoka, imekauka. Nimeona vijana wanakaa mwaka mzima wanailia, wakati kuna namba nyingine ambayo bado haijaandikwa. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Udongo ulio maji kwako ni matokeo ya ngazi inayofuata, kwa hiyo swali la maana ni ngazi ipi.

Zipo mbili. Ya kwanza ni kidato cha sita. Huko Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu, na S haihesabiki kuwa ufaulu wa 'principal', yaani ufaulu kamili wa somo. Ya pili ni stashahada, diploma, ambayo unaingia nayo chuo kikuu kwa kinachoitwa sifa linganifu: angalau D nne za kidato cha nne na GPA, yaani wastani wa pointi zako za chuo, isiyopungua 3.0. Hapo nazungumzia kiwango cha kuruhusiwa kupanga foleni tu. Kuchaguliwa ni habari nyingine, na udaktari wa mifugo una masharti yake ya ziada kuhusu Kemia na Biolojia.

Masharti hayo yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, unaotoka kila mwaka na unapatikana bure mtandaoni. Angalia vizuri: miongozo ni miwili. Mmoja ni wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine ni wa wenye stashahada na sifa linganifu. Nimeshakutana na kijana wa stashahada aliyekata tamaa miezi 4 mizima kwa sababu alisoma mwongozo usio wake. Tafuta jina la kozi, soma sharti lake neno kwa neno, kisha tazama safu ya idadi ya nafasi. Ile idadi ndiyo urefu wa foleni yako.

Nilivyoikataa HGK

Mwaka ule serikali ilinipangia kidato cha tano. HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, shule ya wasichana mkoa mwingine. Nyumbani ilikuwa shangwe. Mama alinunua tranka la bati jekundu kabla hata sijaona fomu ya kujiunga.

Nilikaa nalo siku 3 lile tranka nikiliangalia. C, C na B zilikuwa zimenifikisha hapo, na nadhani ningefanya vizuri, pengine Division I kabisa. Lakini Division I ya HGK haina Kemia ndani yake. Ningetoka kidato cha sita na cheti kinachong'aa ambacho kozi ya mifugo isingekitazama mara mbili.

Kumwambia baba nimekataa kidato cha tano nikasome cheti cha mifugo ilikuwa kazi kuliko mtihani wa anatomia. Alidhani nimechanganyikiwa. Kwa watu wetu kidato cha tano ni heshima, chuo cha kati ni kwa walioshindwa. Aliyeniokoa ni bwana mifugo wa kata, aliyekuja kuchanja kuku akakuta mjadala. Alimwambia baba maneno machache tu: "Mzee, mimi nilipita hapo hapo anapotaka kupita huyu. Na mwenzangu niliyesoma naye sasa ni daktari kamili wa wilaya." Baba alinyamaza. Tranka lile lipo mpaka leo, linahifadhiwa mbegu za mtama.

Sisemi kila mtu akatae kidato cha tano. Kama una C nzuri za Kemia na Biolojia, na umepangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) kwenye shule yenye walimu wa masomo hayo na maabara yenye vifaa, nenda, tena mbio, maana ni njia fupi. Ulizia kwanza kwa waliomaliza pale mwaka jana. Shule isiyo na mwalimu wa Kemia itakupa S na tai ya shule.

Hesabu D zako kabla ya kulipa ada popote

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua, kwa sababu maumivu yanachelewa miaka 3. Unaweza kupokelewa chuo cha mifugo kwa ngazi ya cheti, ukasoma vizuri, ukapata GPA ya kuringia, halafu siku ya kuomba chuo kikuu ukagundua una F ya Kemia kidato cha nne. Stashahada haifuti F hiyo.

Mimi D yangu ya Kemia niliipata kwa jasho na leo naiheshimu kuliko ile B ya Kiswahili. Kama wewe una F kwenye Kemia au Biolojia, risiti sasa, ungali mdogo na bado una ladha ya shule. Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema mwaka huo huo. Ukikumbuka Oktoba wakati mtihani ni Novemba, umeshachelewa. Na usirisiti masomo yote 7 kwa kiburi cha kutaka division mpya. Chukua mawili yanayokufungia mlango. Nilisoma chuo na dada mmoja aliyekuwa anarisiti Kemia huku yuko mwaka wa kwanza wa mifugo. Aliweka jedwali la elementi ukutani juu ya ndoo ya maji, analisoma akipiga mswaki. Alipata C.

Miaka 3 ya stashahada

Vyuo vya serikali viko chini ya Wakala ya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Ziko kampasi Mpwapwa, Tengeru, Morogoro, Temeke, Buhuri kule Tanga, Madaba kule Ruvuma, na nyingine. Vipo na vya binafsi. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi ambalo wakati wetu bado tuliliita NACTE. Kozi unayoitaka ni ya afya ya mifugo na uzalishaji. Zipo kozi nyingine zenye majina ya karibu karibu, kwa hiyo rudi kwenye ule mwongozo uone stashahada zipi zinatajwa kwa jina.

Aliyetoka kidato cha nne anasoma miaka 3: ngazi ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada yenyewe.

Nikusimulie asubuhi moja. Wiki yetu ya 6, saa 1 asubuhi, baridi ya Mpwapwa inauma. Ng'ombe jike ameingizwa kwenye njia nyembamba ya mbao, gogo limepitishwa nyuma yake. Mwalimu amenipa glavu ndefu inayofika begani, nimeipaka mafuta, nimekusanya vidole kama mtu anayeokota chumvi. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Kwanza unatoa kinyesi, kingi, cha moto. Halafu unatafuta chini, kwenye sakafu ya nyonga, kitu kigumu chenye mapingili. "Tafuta shingo ya kuku," mwalimu akasema. Nikatafuta. Ng'ombe akabana, mkono ukafa ganzi, wenzangu wakacheka. Nikawa karibu kutoa mkono, ndipo nikaigusa: kweli kabisa, shingo ya kuku, mlango wa kizazi umelala pale chini ya vidole vyangu. Sikupima mimba siku hiyo, nilikuwa nimepata njia tu ya kuelekea huko. Lakini nilirudi bwenini nikanuka mpaka jioni na sikutaka kuoga.

Siku kama hiyo haiongezi hata nukta moja kwenye GPA. Nilikuwa hodari wa zizini, nikadhani mengine yatajipa. Muhula wa kwanza niliwekeza nguvu kwenye masomo niliyoyapenda, nikapata A kwenye yale mepesi na C kwenye yale mazito. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba masomo hayana uzito sawa.

GPA inapigwa hivi: alama ya kila somo inageuzwa pointi, inazidishwa kwa krediti za somo hilo, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti. Kwenye ngazi ya 6, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chukua masomo mawili tu, moja la krediti 12, jingine la krediti 6. Ukipata C kwenye la 12 na A kwenye la 6, una 24 kuongeza 30, ni 54. Gawa kwa 18, unapata 3.0. Geuza: A kwenye la 12, C kwenye la 6. Ni 60 kuongeza 12, ni 72; gawa kwa 18, unapata 4.0. Mwanafunzi yule yule, A moja na C moja, lakini mmoja yuko kwenye foleni anatetemeka na mwingine amekaa.

Tangu siku nilipoipiga hesabu hiyo nyuma ya daftari, kila muhula ukianza nilikuwa naandika masomo yote na krediti zake, naweka ukutani kuanzia zito kwenda jepesi. Saa za usiku niligawa kwa mpangilio huo. Somo la krediti nyingi nililolichukia zaidi lilikuwa la lishe ya mifugo, kukokotoa mchanganyo wa chakula, Hisabati ile ile iliyonipa F. Nilimfuata kijana mmoja wa Kondoa aliyelijua, tukabadilishana: yeye ananifundisha hesabu, mimi namwandikia ripoti zake kwa Kiswahili fasaha kisha tunazigeuza pamoja kwa Kiingereza. Nilimaliza na 4.1.

Desa za kaka zako chukua, lakini usiziamini zote. Za kwetu zilikuwa na dozi ya dawa moja ya minyoo iliyokosewa sifuri, na ilikuwa inarithishwa mwaka hadi mwaka.

Makaratasi, na mwaka nilioupoteza

Nilimaliza 2020, GPA mkononi, nikajua Novemba niko SUA. Sikuwa.

Mwenye stashahada haombi chuo kikuu kwa cheti tu. Anahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo yake, AVN, inayotolewa na NACTVET kwa mtandao. Na namba hiyo haitoki kama matokeo yako hayajapelekwa kwenye mfumo. Yangu yalikuwa yamekwama kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Nilipiga simu, nikaambiwa subiri. Nikaenda, nikaambiwa mhusika yuko safari. Yalipoingia, dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa. Kosa la kwanza lilikuwa lao. La pili langu: nilianza kuulizia AVN wakati dirisha limeshafunguliwa, badala ya kuulizia siku ile ile matokeo yalipobandikwa.

Na majina. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu mwishoni, vyeti vya shule vina jina la ukoo. Kwa macho ya bibi ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu wawili. Ilibidi niende kwa wakili kula kiapo. Ukiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo utatakiwa pia cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, nalo lina foleni yake. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, usome majina herufi kwa herufi. Bodi huangalia vilevile umri wako na mwaka uliomaliza masomo, kwa hiyo usikae mtaani miaka 6 ukidhani bumu linakusubiri.

Ule mwaka nilioupoteza niliuza kwenye duka la dawa za mifugo. Hapa niseme jambo la kisheria ambalo vijana wengi hawalijui: kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, mwenye cheti au stashahada ni mtaalamu msaidizi, anaandikishwa na Baraza la Veterinari na anafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Kijijini watakuita daktari siku ya kwanza. Usivimbe kichwa.

Mzee mmoja alikuwa anakuja kila mara anasema, "Binti, nipe ile ya njano." Ya njano ni oksitetra, antibiotiki. Mwanzoni nilimpa. Siku moja nikamuuliza, "Ya nani, babu? Anaumwaje?" Akasema ng'ombe anakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Nikaweka chupa chini. Oksitetra inafaa kwa ndigana baridi. Ng'ombe anayekojoa damu kwa kupe utakuwa umemchoma sindano bure, anahitaji dawa nyingine. Nikampigia daktari aliyekuwa anatusimamia, akaja jioni kwa pikipiki. Tangu siku hiyo nikawa nauliza kabla ya kuuza: amekula, amecheua, kinyesi kikoje, ameogeshwa josho lini. Mwaka wa 4 hapa SUA tulipoanza kufundishwa kuchukua historia ya mgonjwa, niligundua somo hilo nimeshalisomea dukani, tena nikiwa nalipwa.

Kama umeshamaliza kidato cha sita

Jirani yetu alipata Kemia D, Biolojia D, Fizikia S. Division III ya 14. Kwa hesabu ya TCU D mbili ni pointi 4, na akasikia kuwa 4 ndicho kiwango cha chini cha kitaifa, akajua ameingia. Aliomba kozi moja tu, chuo kimoja, hakuchaguliwa. Wa aina yake wana njia 3, na nazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Kurisiti somo moja, lile linalokaribia kupanda. D ya Biolojia kwenda B ni rahisi kuliko S ya Fizikia kwenda C, hata kama Fizikia ndiyo inayokuumiza roho. Au nenda chuo cha mifugo na hayo matokeo. Uliza utaanzia ngazi ipi, maana aliyefika kidato cha sita mara nyingi haanzi chini kabisa na wa kidato cha nne.

Njia ya tatu ndiyo watakayokushauri wengi: "Ingia kozi ya jirani, kisha utahamia." SUA ipo Sayansi ya Wanyama, ipo ya wanyamapori, ipo ya ufugaji wa samaki. Ni kozi nzuri kama unazitaka zenyewe. Ukiingia kwa nia ya kuhama, jua kwamba anayehamia anatakiwa awe na sifa zile zile za kozi anayoiendea, na nafasi iwepo. Waliofanikiwa nawajua wawili. Waliobaki wanahesabu nyavu wakiwa na kinyongo ni wengi kidogo.

Ukishaingia

Chuo chetu kimepewa jina la Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli aliyekuwa Waziri Mkuu, akafa kwa ajali ya gari hapa hapa Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo ndipo kilipoanzishwa kuwa chuo kikuu kamili. Nilipita getini Novemba 2021 na begi la kamba, nikiangalia Milima ya Uluguru imejifunika wingu, nikawaza kwamba kazi imeisha.

Biokemia ikanipiga sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza. Sisi wa stashahada tunaingia tumejaa mikono lakini Kemia yetu ni ya kidato cha nne. Mhadhiri anaanza na mada ambayo wa PCB walishaizoea miaka 2, wewe bado unatafuta kaboni iko wapi. Laiti ningepata mtu wa kuniambia: ile miezi kati ya kuchaguliwa na kuripoti, azima madaftari ya kidato cha sita, soma kemia ya kaboni na biolojia ya seli. Mada hizo mbili tu. Na soma Kiingereza kila siku kwa sauti. D yangu ya Kiingereza ilikuwa inanichelewesha kwenye mtihani zaidi ya kutojua.

Kwenye chumba cha anatomia mambo yakageuka. Formalini inawasha macho mpaka unalia bila msiba, na mezani kuna mbuzi mzima wa kufuatilia mshipa kwa mshipa. Kikundi chetu kilikuwa na kijana wa Dar mwenye Division I ya 5 ambaye hakuwahi kumshika mnyama mkubwa kuliko paka. Yeye alinivusha Biokemia. Mimi nilimfundisha kumnywesha mbuzi dawa ya minyoo: mpande kama baiskeli bila kumkalia, magoti yambane mabega, kiganja chini ya taya, na usiinue kichwa juu sana, dawa itakwenda mapafuni badala ya tumboni. Alimwinua wa kwanza mpaka akatazama dari. Mbuzi akakohoa, naye akaomba msamaha kwa mbuzi.

Hapa Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Huyo hakuulizwa division. Nikiwa na sapu yangu nilikuwa nampitia kimawazo mara kwa mara.

Wenzetu wa Kenya wana njia inayofanana: waliofaulu KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, huingia udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, au Egerton kule Njoro, na ambao alama hazikutosha huanzia stashahada kwenye vyuo vya afya ya mifugo vya AHITI, Kabete, Ndomba au Nyahururu. Nje ya hapo, ukiletewa tangazo la chuo cha nchi ya mbali kinachopokea alama yoyote, kabla ya baba hajauza ng'ombe waulize TCU kama chuo kinatambulika na Baraza la Veterinari kama watakusajili ukirudi. Waulize kwa maandishi, na jibu ulitunze.

Dirisha la kwanza likifunguliwa, omba ndani ya wiki ya kwanza. Weka udaktari wa mifugo chaguo la kwanza, kisha jaza chaguo zilizobaki kwa kozi ambazo kweli ungeenda. Namba ya simu utakayoandika iwe ya laini yako mwenyewe, siyo ya mjomba wala ya kaka wa kibanda cha intaneti, kwa sababu ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na usipothibitisha ndani ya siku zilizotajwa nafasi anapewa mwingine. Mchana mfumo unalemewa. Mimi niliamka saa 8 usiku, nikaenda chini ya mbuyu na kanga begani na tochi ya simu, nikajaza kila kitu kwa dakika 20. Mbwa wa jirani alibweka muda wote.